Kwa nini wamemchagua yeye? Jibu kwa mlezi wa mtoto anayeonewa shuleni

*Swali:* "Habari mtaalamu. Ninaishi Kitangiri, Mwanza, nafanya biashara ya dagaa pale Mwaloni Kirumba. Januari nilimchukua mtoto wa dada yangu kutoka Ukerewe aje asome kidato cha kwanza hapa mjini. Ana miaka 13, ana umbo dogo, mpole, ila kule kwao alikuwa muongeaji sana. Sasa haongei. Jumapili jioni tumbo linaanza kumuuma, Jumatatu asubuhi linazidi, ikifika Ijumaa jioni mzima kabisa. Kalamu, mkebe wa hesabu na hela ya kula vinapotea kila wiki. Mwezi uliopita ndiyo nikajua kwamba kuna wavulana watatu wa darasani kwake wanamwita 'Dagaa', wanaziba pua akipita, na wanamsubiri kwenye mawe, njia ya kurudi nyumbani, wamnyang'anye vitu. Mmoja wao ni monita. Nilienda shuleni, mwalimu akasema ni utani wa watoto, wataacha. Mume wangu anasema mtoto ni legelege, ajifunze kupigana. Juzi mwanangu wa darasa la tatu amekuja analia, kumbe huyuhuyu anayeonewa amempiga na kumnyang'anya shilingi mia tano. Nimechanganyikiwa. Ana kasoro gani mpaka wamchague yeye? Na sasa na yeye anageuka mwonevu? Nimhamishe shule?"

*Jibu:*

Dada yangu, pole kwa mzigo, na hongera kwa kuuona. Watoto wengi wa umri huu huonewa mwaka mzima nyumbani kusijulikane, kwa sababu wanaona aibu kusema, au wanaogopa kwamba wakisema watapigwa zaidi. Wewe umeliunganisha tumbo la Jumapili na mkebe uliopotea na ule ukimya, ukaufikia ukweli. Umeniuliza juu ya kasoro, juu ya kugeuka mwonevu, na juu ya kuhama. Naanza na kasoro, maana nadhani ndilo linalokunyima usingizi, na ndilo swali ambalo mtoto mwenyewe hujiuliza akiwa kitandani: nina nini mimi?

Hana kasoro. Kilichomponza ni kwamba ameingia darasani peke yake. Fikiria Januari ilivyokuwa. Kidato cha kwanza hukusanya watoto kutoka shule nyingi za msingi, lakini wale wa Kitangiri na Kirumba waliingia kwa makundi: huyu alikaa dawati moja na yule tangu darasa la kwanza, yule ni jirani, wale wanasali pamoja. Wako alitokea kisiwani, hamjui hata mmoja, nyumbani anakolala bado anajiona mgeni, Kiingereza cha darasani hajakizoea, na lafudhi inamtangaza kila akifungua mdomo. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Katika wiki hizo za mwanzo, kabla haijajulikana nani ni nani darasani, watoto wanaotaka ukubwa hujaribu. Humtupia huyu neno, humsukuma yule, humfichia mwingine daftari, halafu hutazama. Amelia? Kuna mwenzake aliyesimama? Mwalimu ameona? Wanaojaribiwa ni wengi. Ambaye kumgusa kunaleta usumbufu, huachwa. Ambaye ukimgusa hakuna kinachotokea, hurudiwa kesho na keshokutwa, mpaka darasa zima linazoea.

Ndiyo maana nasema umbo dogo na dagaa ni visingizio tu. Ni kweli kwamba watoto fulani huandamwa zaidi: wafupi, wanene, wenye ulemavu, wenye ualbino, waliochelewa kubalehe au waliowahi mno, wenye sare iliyochakaa, wasiofahamu lugha ya darasani, wageni. Lakini ukiingia darasa lolote hapa Mwanza utakuta watoto wafupi wasioguswa na mtu, na wauza dagaa wana watoto wengi ambao hakuna anayewazibia pua. Mara nyingi kinachowatofautisha ni rafiki. Mwaka 1999 watafiti wa Kanada walichapisha utafiti waliowafuatilia watoto kwa mwaka mmoja, wakaona kwamba upole na woga wa mtoto ulielekea kumletea uonevu zaidi, lakini uhusiano huo ulipungua kwa mtoto mwenye rafiki anayemkinga. Aliyekuwa na rafiki wa kusimama naye, upole wake haukumponza sana. Rafiki mmoja tu. Nitalirudia hili mbele, maana ndipo kazi yako ilipo.

Sasa lile la mwalimu, kwamba ni utani. Sisi ni watu wa utani, tunaujua vizuri. Mtani wako anakutania kwenye msiba, na wewe utamtania kwenye harusi yake. Ana haki ya kukujibu na wote mnacheka. Mwanao anaweza kuwajibu hao watatu? Marehemu Dan Olweus, mwanasaikolojia aliyeanza kuchunguza jambo hili Skandinavia miaka ya 1970, aliweka vipimo ambavyo sisi wa fani hii tunavitumia mpaka leo: kitendo kinafanywa kwa makusudi ya kuumiza, kinarudiwarudiwa, na kuna tofauti ya nguvu inayomfanya anayetendewa ashindwe kujitetea. Nguvu hiyo si lazima iwe misuli. Inaweza kuwa idadi, umaarufu, au cheo cha monita. Kwa barua yako, vipimo vyote vimetimia, na kumvizia mtoto njiani na kumpora vitu ni zaidi ya uonevu, ni kosa la jinai.

Simlaumu mwalimu moja kwa moja. Darasa limejaa, na mengi ya haya hutokea pale ambapo hayupo: vyooni, kwenye bomba, nyuma ya madarasa wakati wa mapumziko, njiani. Anachokiona yeye ni monita mchangamfu anayefuta ubao na kukusanya madaftari. Na hapa kuna imani nyingine ya kuiacha. Husemwa kwamba mwonevu ni mtoto asiyejiamini, anayefidia unyonge wake kwa kuumiza wengine. Wapo wa namna hiyo, wengi wao ni wale ambao nao wanaonewa kwingine. Lakini waonevu wengi wa umri huu wanajiamini sana, wana marafiki, wanajua kuzungumza na watu wazima, na wanajua kabisa mwenzao anaumia wapi. Kwao uonevu ni njia ya kupanda ngazi. Kati ya miaka 11 na 15 hivi, mwili unapobalehe, jicho la wenzao linakuwa na uzito kuliko la mzazi au mwalimu. Kuchekesha darasa kwa mgongo wa "Dagaa" kunalipa papo hapo. Akipewa na cheo cha kuandika majina ya wapiga kelele, ameongezewa fimbo. Atamwandika mwanao hata akiwa kimya, na mwanao ataadhibiwa na mwalimu kwa kosa ambalo hakulifanya. Muulize mtoto kama hilo limeshatokea. Kama limetokea, unaelewa kwa nini haendi kushtaki.

Dada, kitu ambacho wazazi wengi hawakijui ni kwamba mambo haya hayafanyiki kati ya watu wawili. Christina Salmivalli wa Finland na wenzake walionyesha mwaka 1996 kwamba karibu kila mwanafunzi wa darasa ana nafasi yake: yuko anayeanzisha, wako wapambe wanaomsaidia, wako wanaocheka na kumpa kichwa, wako wanaogeuza uso, na wako wachache wanaomtetea anayeonewa. Watafiti wa Kanada waliwahi kuwarekodi watoto kwa kamera kwenye viwanja vya shule. Katika asilimia 88 ya matukio ya uonevu, wanafunzi wengine walikuwepo wakitazama. Walioingilia kati walikuwa wachache, katika asilimia 19 tu ya matukio, lakini zaidi ya nusu ya mara hizo uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Yaani sauti moja ya mwanafunzi mwenzao inayosema "achaneni naye bwana" inaweza kufanya kazi ambayo mstari mzima wa nasaha asubuhi hauifanyi. Mwonevu anaishi kwa kicheko cha watazamaji. Kicheko kikikatika, starehe imekwisha. Kwa hiyo tunapotafuta dawa, tusimtazame mwanao peke yake wala wale watatu peke yao. Tuwatazame hao arobaini, hamsini waliobaki.

Nije kwa shemeji. Najua anasema "apigane" kwa uchungu, na wanaume wengi wa rika letu walilelewa hivyo. Lakini tupime. Wao watatu, yeye mmoja, tena mdogo. Akipigana akashindwa, ambalo ndilo linaloelekea zaidi, Jumatatu itakuwa mbaya kuliko zote. Akishinda kwa bahati, au kwa jiwe, yeye ndiye atakayesimamishwa masomo. Na tayari ameanza kulifuata somo hilo, ila amelitumia pale anapoweza: kwa mdogo wake wa darasa la tatu.

Hilo la mtoto wa darasa la tatu naliona zito kuliko ulivyoliandika. Wapo watoto wanaoonewa na kuonea kwa wakati mmoja. Tafiti zinakubaliana kwamba hao ndio wenye hali mbaya zaidi: wanakosa marafiki upande huu na upande ule, masomo yanashuka, hasira na huzuni vinakaa ndani pamoja. Mwanao hajafika huko. Tukio moja halimfanyi mwonevu, na tafadhali nyumba nzima isimwite hivyo, maana mtoto aliyekwisha kuitwa Dagaa shuleni akiitwa mwizi nyumbani atabaki na jina gani la kwake? Lakini usilifunike pia. Mwanao mdogo ana haki ya kulindwa nyumbani kwake. Kaa na mkubwa, mwambie waziwazi: najua unavyotendewa njiani, nalishughulikia, na hapa ndani hakuna atakayemtendea mwenzake hivyo. Ile mia tano airudishe, kidogokidogo ikibidi, aombe radhi kwa mdomo wake mbele yako, na kwa wiki kadhaa wasiachwe peke yao.

Usimchape kwa hilo. Nalisema nikijua mila zetu na uchovu wa kurudi kutoka Mwaloni jioni. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti uliohoji watoto 409 wa shule ya msingi hapa Tanzania. Asilimia 95 walishawahi kupigwa na walimu, na kiwango hichohicho na wazazi au walezi. Kadiri adhabu ya kimwili ilivyokuwa kali, ndivyo ukatili wa watoto kwa wenzao ulivyoonekana kupanda na moyo wa kusaidia wengine ulivyoshuka. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kipi kimezaa kipi, ila unaendana na tunachokiona: mtoto anajifunza kwamba mwenye nguvu akikasirika anapiga. Upande wa pili, uchambuzi uliokusanya tafiti 70 mwaka 2013 ulionyesha kwamba malezi ya ukali na ya kupuuza yanaambatana na mtoto kuonewa, na yale ya kumfunika mno mtoto, kumwamulia kila kitu asijaribu lolote, nayo yanaambatana na kuonewa. Kilichowakinga watoto ni ukaribu wa joto, mazungumzo, na mzazi anayejua mtoto yuko wapi na nani.

Tumbo sasa. Haigizi. Mtu akiishi na hofu, mwili unakaa kama uko vitani: homoni za tahadhari zinapanda, tumbo linasokota, usingizi unakatika, njaa inapotea. Na kwa kuwa hofu yake ina ratiba, tumbo nalo lina ratiba. Hata hivyo huyu ametoka Ukerewe, na kichocho cha tumbo, kinachoenezwa na konokono wa majini, kimeenea sana visiwani na pwani yote ya Ziwa Victoria. Nenda naye zahanati wapime choo, kichocho na minyoo pamoja. Kichocho kina dawa, prazikwanteli, na kikigundulika kinatibika. Mtoto anaweza kuwa na vyote viwili, na sipendi tumlaumu monita kwa kazi ya konokono, wala tuitibu hofu kwa vidonge vya minyoo.

Kuhusu kuongea naye: usimkalishe kiti mkabala kama mahakamani. Wavulana wa umri huu huzungumza vizuri mikono ikiwa na kazi. Mnapochambua dagaa jioni, au mnapopanda mlima na ndoo, anza na swali dogo: mapumziko huwa unakaa wapi? Nani anakaa karibu na dawati lako? Nani darasani si mbaya? Hilo la mwisho ni muhimu kuliko yote, maana tunatafuta yule rafiki. Sikiliza bila kuruka juu. Akikuomba usimwambie mtu, usiahidi usichoweza kutimiza; mwambie hutafanya lolote bila kumjulisha kwanza. Halafu pata daftari uandike: tarehe, mahali, kilichotokea, nani alikuwepo, kilichoibwa. Daftari hilo utaliona thamani yake ukikaa mbele ya mkuu wa shule, kwa sababu "wanamwonea" hujibiwa kwa "ni utani", lakini matukio sita yenye tarehe na mahali hayajibiwi hivyo.

Rudi shuleni, na safari hii nenda na shemeji kama atakubali. Mtoto akiona baba amefunga safari kwa ajili yake, hilo peke yake linamrudishia kimo. Anzeni na mwalimu wa darasa, kwa heshima, kisha mkuu wa shule, na muulizie mwalimu wa malezi na unasihi. Msiende kuomba tu "waadhibiwe". Ombeni mambo ambayo jioni mtaweza kujua kama yamefanyika: mtoto abadilishiwe dawati, akae karibu na yule aliyemtaja kuwa si mbaya, monita asiwe na mamlaka ya kumwandika jina mpaka jambo liishe, mwalimu wa zamu apite nyuma ya madarasa na vyooni wakati wa mapumziko, atajwe mwalimu mmoja ambaye mtoto anaweza kumfuata bila kupita kwa kiranja. Wazazi wa hao watatu waitwe na shule. Usiwafuate wewe majumbani, hasa ukiwa na hasira. Vita vya watoto vikihamia kwa watu wazima wa mtaa mmoja haviishi.

Mambo mawili yakataeni kwa upole lakini kwa uthabiti. La kwanza ni kuwaweka mtoto na waonevu wake chumba kimoja "wapatanishwe" na kushikana mikono. Upatanisho unafaa watoto wawili wenye nguvu sawa waliogombana. Aliyeonewa akikalishwa mbele ya watatu atakubali lolote, kisha atalipia njiani. La pili ni kuwaita mstarini wachapwe mbele ya shule nzima. Kanuni za mwaka 2002 zinaweka mpaka: viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Hata pale sheria inapofuatwa, nimeona matokeo yake: mwonevu anatoka shujaa aliyevumilia, na aliyeshtaki anaitwa snichi. Bora kila mmoja wa hao watatu aitwe peke yake, aambiwe kinachojulikana, apewe jukumu la kurekebisha, arudishe vitu, na afuatiliwe wiki baada ya wiki. Wapambe wakitenganishwa na kiongozi wao huwa wepesi sana kubadilika.

Sitakudanganya kuhusu matokeo. Maria Ttofi na David Farrington wa Cambridge walipochambua mwaka 2011 mipango ya kupambana na uonevu katika shule za nchi mbalimbali, waliona kwamba kwa wastani uonevu ulipungua kwa asilimia 20 hadi 23. Ni nafuu kubwa kwa watoto wengi, lakini si muujiza. Mipango iliyofanya vizuri ilikuwa mikali kwenye usimamizi wa viwanja, ilikutana na wazazi, na ilidumu muda mrefu. Kikao kimoja hakitoshi. Ombeni tarehe ya kukutana tena baada ya wiki mbili, muiandike hapohapo.

Njia ya mawe haisubiri kikao. Kuanzia kesho asipite pale peke yake. Tafuta watoto wawili watatu wa mtaa wenu wanaosoma shule hiyo, hata wa kidato cha pili au cha tatu, zungumza na mama zao, watoke na kurudi pamoja. Pengine ni njia ndefu kwa dakika kumi. Apite hiyo ndefu. Ukiweza, waalike Jumamosi wale nyumbani. Huko ndiko urafiki unakozaliwa, na kwa mtoto mgeni mama mdogo anayepika ugali na sato kwa watu wanne anafanya tiba kuliko mimi niliye ofisini. Mruhusu pia afanye kitu anachokiweza mbele za watu: timu, kwaya, skauti. Alikuwa muongeaji kule kwao, kwa hiyo uongeaji wake upo, ila hapa hajapata wa kuongea naye. Na apige simu Ukerewe aongee na mama yake na wenzake wa zamani mara kwa mara.

Kama kuna simu nyumbani anayoishika, ulizia kwa utulivu kama kuna grupu la WhatsApp la darasa na anavyosemwa humo. Ukikuta matusi au picha zake, usifute. Piga picha ya skrini ya simu (screenshot) utunze. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa uonevu wa namna hiyo. Kwa wasomaji wenye mabinti: kwao uonevu mara nyingi hauna makonde. Ni kutengwa, kusambaziwa maneno, kuambiwa "usikae hapa", na unauma vilevile.

Kuna hali ambazo hutakiwi kungoja wiki mbili. Akisema ametamani kufa au heri asingezaliwa, au ukiona anajikata, au anagawa vitu vyake kama anayeaga, siku hiyohiyo usimwache peke yake, mpeleke hospitali. Bugando kuna huduma za afya ya akili, na hospitali ya mkoa ya Sekou Toure watakupokea na kukuelekeza. Muulize moja kwa moja kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo, humfungulia mlango wa kusema. Akiguswa au kulazimishwa jambo lolote la kimwili la aibu, nenda hospitali haraka, ndani ya saa 72, kwa sababu dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU haifanyi kazi baada ya hapo, kisha Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Wakitumia kisu au wakimjeruhi, Dawati hilohilo. Na kama hali haigeuki, hali chakula, halali kwa wiki kadhaa, au amegoma kabisa kwenda shule, mtafute afisa ustawi wa jamii wa kata au wa halmashauri, au piga 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto, ni bure. Mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Iandike kwenye jalada la daftari lake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iko upande wenu, shule ikikujibu kwamba si kazi yao.

Nasisitiza haraka kwa sababu madhara haya hayafutiki yenyewe. Waingereza waliwafuatilia watu waliozaliwa wiki moja ya mwaka 1958. Walioonewa mara kwa mara utotoni walikutwa na huzuni na wasiwasi zaidi ya wenzao hata walipofika miaka 50. Wengi wengine walipona vizuri, na watoto wanaopata mtu mzima wa kuwaamini na kusimama nao hufanya vizuri zaidi.

Kuhama, basi. Nisingeanza nako. Ukimhamisha sasa bila kubadilisha kitu kingine, ataingia tena mlango wa darasa geni peke yake, katikati ya mwaka, wenzake wakiwa wameshazoeana, na akiwa amejifunza kutembea kichwa chini. Mazingira yaleyale yaliyomponza Januari. Wapeni shule wiki sita hadi nane za kazi ya kweli, ukiwa na daftari lako. Ukiona dawati halijabadilishwa, tarehe ya kikao imepita kimya, vitu bado vinapotea na tumbo bado linauma, hapo hamisha bila kujilaumu. Kumwondoa mtoto pasipo na mlinzi si kushindwa. Tumia likizo ya Juni, kwa mkuu wa shule na ofisi ya elimu ya halmashauri, na chagua shule kwa swali moja: yuko mtoto gani pale tunayemjua? Hata kama ni ya mbali kidogo kwa daladala, kama mtoto wa jirani au wa mama mnayefanya naye biashara Mwaloni anasoma hapo, wakutanishe kabla shule haijafunguliwa, siku ya kwanza waingie getini pamoja, na wewe uwe umeshaongea na mwalimu wa darasa ili wakae dawati moja.